Kibao Shingoni mwa Wifi

Kibao chenyewe hakikuwa kizito. Kilikuwa kipande cha mbao cha ukubwa wa kiganja, kimepigwa msasa na vanishi, kimetobolewa juu na kupitishiwa kamba ya kiatu. Seremala alikuwa amekichongea maneno mawili: SIJUI TOFAUTI. Ungekikuta kwenye msumari ukutani ungedhani ni cha kutundikia funguo. Lakini kilikuwa cha kuvaliwa shingoni, na waliokivaa ni watu wazima wenye familia zao, mchana kweupe, mbele ya wateja.

Ofisi ilikuwa ya kuchapa barua. Chumba kimoja cha mbele chenye kaunta, kompyuta tatu, printa iliyokuwa ikitafuna karatasi kila ilipojisikia, na benchi la wateja. Nyuma kulikuwa na stoo ya karatasi, na pembeni yake chumba cha bosi, ambaye wafanyakazi walimwita Kamusi akiwa hayupo na Bosi akiwepo. Watu walikuja hapo kuandikiwa Kiingereza: maombi ya kazi, malalamiko, barua za bima. Wenye Kiingereza cha kuombea maji walikuja kutafuta cha kuombea kazi.

Ukutani, karibu na swichi ya taa, Kamusi alibandika karatasi ya jozi. Yalikuwa maneno ya Kiingereza yanayofanana kama mapacha na yasiyohusiana hata kidogo. ‘Principal’ ni mkuu wa shule, ‘principle’ ni kanuni. ‘Lose’ ni kupoteza, ‘loose’ ni kulegea. ‘Advice’ ni ushauri wenyewe, ‘advise’ ni kushauri. ‘Stationary’ ni kitu kilichosimama palepale, ‘stationery’ ni karatasi, kalamu na bahasha. Orodha ilishuka hadi karibu na sakafu.

“Wenye lugha yao wenyewe wanayachanganya,” Kamusi alipenda kusema. “Ndiyo maana asiyeyachanganya ana thamani.”

Mfanyakazi aliyechanganya jozi alivaa kibao. Ili akivue, ilimlazimu amkamate mwenzake kwa kosa la aina hiyohiyo. Na hapa ndipo Kamusi alipojiona ana akili: aliyekivaa ndiye pekee mwenye ruhusa ya kukamata. Wengine wakiona kosa, wanyamaze. Basi mwenye kibao alizungukazunguka nyuma ya viti vya wenzake kama paka kwenye jiko la watu, akichungulia skrini, akiomba Mungu mwenzake ateleze. Na atakayefunga Ijumaa tatu mfululizo nacho shingoni, hiyo ya tatu inakuwa siku yake ya mwisho ya kazi.

“Nilivaa cha kwangu nikiwa shule,” Kamusi aliwaambia siku ya kwanza, kwa sauti ya mtu anayegawa urithi. “Kilinifaa mimi, kitawafaa na nyinyi.”

Dada aliyekuwa akitoa nakala alikivaa asubuhi moja, akaenda kula mchana, hakurudi tena. Wakabaki watatu: Nukta, Tai na wifi yake Nukta.

Nukta hakuwahi kukivaa. Jina hilo walimpa wateja, kwa kuwa alikuwa mtu wa kukurudishia karatasi yako kwa ajili ya nukta moja, naye alilipenda. Alikuwa na jicho la kuchambua mchele: kokoto ilijitokeza yenyewe. Hakumtukana mtu wala kupandisha sauti. Mteja alimletea rasimu yake ya mkono, yeye akaisafisha upesi na vizuri, lakini kabla ya kumkabidhi alimtazama kidogo, kama mtu anavyoitazama sahani iliyooshwa vibaya. Wengi waliondoka wamejikunja bila kujua wamefanywa nini.

“Mwalimu huyo,” Nukta alimnong’oneza Tai, mteja mmoja alipotoka. “Kaandika kwamba anaiomba kanuni ya shule impe likizo. Kanuni imekaa ofisini inakunywa chai! Na huyo ndiye tunampelekea watoto.”

Tai alicheka, akarekebisha tai yake. Alivaa tai kila siku, hata siku za joto la kupasua kichwa, na alikuwa akicheka kila kitu alichosema Nukta, kwa usalama wake.

Nukta alimdharau Tai pia. Aliwadharau wateja kwa mafungu: madereva, walimu, mafundi, wapangaji wenye kesi. Na tangu wifi yake aanze kazi pale, alikuwa na mtu wa kumdharau kuanzia kifungua kinywa.

Wifi huyo alikuwa dada mdogo wa mume wake. Alirudi nyumbani kwa kaka yake baada ya ndoa kuvunjika, na sanduku moja, na kwa miezi mingi hakutoka nje ya geti. Mama mkwe, aliyekuwa akiishi nao, ndiye aliyemwomba Nukta amtafutie nafasi. Nukta alizungumza na Kamusi, nafasi ikapatikana, na mama mkwe akaanza kumsifu mkamwana wake kwa kila mgeni aliyeingia. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Nukta aliitwa “mwanangu” katika nyumba ile bila mtu kuhitaji kitu.

Wiki ya pili Tai, aliyekuwa na kibao, alimkamata wifi kwenye ‘borrow’ na ‘lend’, jozi pekee kwenye orodha isiyofanana kwa sura.

“Moja ni kuchukua cha mwenzio, jingine ni kumpa chako,” Tai alimwambia huku akimvisha, uso umemng’aa kwa nafuu.

Wifi aliishika kamba ile shingoni, akafikiri. “Kwetu yote ni kuazima,” alisema. “Naazima kalamu kwako, wewe unaniazima kalamu. Umeshawahi kumsikia mtu akapotelewa na kalamu kwa sababu hiyo?”

“Huku si kwenu,” Nukta alimjibu kutoka kwenye kiti chake, bila kugeuka. “Huku ni ofisini.”

Ijumaa ya kwanza ikapita, wifi na kibao. Ya pili ikapita. Alipita nyuma ya viti vya wenzake kama sheria ilivyotaka, mikono nyuma, anasoma, anaondoka. Hakukamata kitu. Nukta alimwona na kusikitika kwa namna yake: masikini, hata kosa la Tai halioni, na kosa la Tai ni kubwa kama ng’ombe mlangoni.

Asubuhi ya Ijumaa ya tatu mama mkwe aliwasindikiza hadi kizingitini. Alimtengeneza binti yake kola ya blauzi, kisha akamgeukia Nukta.

“Mwanangu, kazi hii imemnyanyua kichwa mwenzio. Siku hizi anakula, analala. Umemchukua mzima, nirudishie mzima.”

“Usijali, mama.”

Mama mkwe hakujua lolote kuhusu kibao. Wifi alikiacha kwenye droo ya ofisi kila jioni, na kukivaa tena asubuhi.

Njiani Nukta alipiga hesabu yake. Wifi akifukuzwa leo, jioni nyumba nzima itauliza ilikuwaje, na jicho litamgeukia nani? Yeye aliyempeleka. “Mwanangu” itakufa siku hiyohiyo. Sasa, kibao kinavuliwa kwa kukamata mtu. Wifi hawezi kukamata kwa akili zake. Basi akamatishwe. Nukta atakosea kidogo, wifi atamkamata, Ijumaa moja ya aibu itamalizika, na Jumatatu kabla ya chai atakuwa ameshamvisha Tai. Lilikuwa jambo dogo. Kumlisha mtoto uji.

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori aliyegongwa kwa nyuma akiwa ameegesha. Alitaka barua ya bima. Nukta alichapa, na mahali pa kusema lori lilikuwa limesimama akaweka lile la karatasi na bahasha. Lori likawa duka la vifaa vya shule. Aliuona upuuzi huo kwenye skrini, akauacha.

“Wifi, hebu nisomee hapa. Macho yangu yamechoka.”

Wifi akaja, akainama. Kibao kikaning’inia na kugonga ukingo wa meza: to, to.

“Barua nzuri,” alisema.

“Mstari wa tatu umeuona?”

“Nimeuona. Lori limesimama, limegongwa.”

Akaenda zake kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa. Nukta alichapa nakala moja yenye kosa, akaiweka pembeni kwa tahadhari, kisha akasahihisha ya mteja. Dereva, aliyekuwa na safari hadi mchana, aliomba aifuate jioni.

Kisha akaja mama mmoja mpangaji aliyetishwa na mwenye nyumba. Hakutaka kupoteza chumba chake. Nukta akaandika kwamba hataki kukilegeza chumba chake, akamwita tena wifi. Wifi akasoma barua nzima, polepole, midomo ikicheza. Kutoka kiti cha pili Tai alikuwa amerefusha shingo kama twiga, macho yamemtoka, anataka kupasuka, na sheria imemziba mdomo. Akauma ncha ya tai yake.

“Iko sawa, wifi,” alisema wifi. “Mama wa watu atashinda.”

Mara ya tatu Nukta alikaribia kumshika mkono. “Hebu nishauri,” alisema kwa sauti ya mwalimu wa chekechea. “Hapa mteja anaomba ushauri. Nimeweka ‘advise’. Ad-vise. Wewe unaonaje?”

“Wewe ndiye fundi. Weka unavyoona.”

Hata kifaranga, Nukta aliwaza, ukimwekea punje mdomoni atameza. Huyu hata kumeza hajui. Na jua lilikuwa limeshapinda, vivuli vya watu wa barabarani vinapita juu ya kaunta. Alisimama, akamvuta wifi yake kwa kiwiko hadi stoo, katikati ya maboksi ya karatasi.

“Wifi, una macho wewe?”

“Ninayo.”

“Tangu asubuhi nakuwekea makosa. Nakuwekea! Hadi Tai ameyaona, Tai yule!”

“Na mimi nimeyaona.”

Nukta akamwachia kiwiko.

“La lori,” alisema wifi, “la chumba, na hilo la ushauri ulilolitamka kama unamfundisha kasuku. Wiki ya kwanza nilikivaa kwa ujinga, sikatai. Lakini karatasi yenu nimeisoma mpaka chini, kuna jioni mlinikuta nimechuchumaa mkadhani natafuta hereni. Ulikuwa unanirushia kama mtu anavyowarushia kuku mtama. Nikaona aibu kwa ajili yako.”

“Sasa mbona hukunikamata, jamani? Ungekivua!”

“Nikuvishe wewe.”

“Ndiyo, nivae! Mimi leo tu, Jumatatu nakivua.”

“Unamvisha Tai.”

“Ndiyo.”

“Tai unamjua mwanawe, yule mdogo wa sare ya bluu? Wiki niliyoanza alimfuata baba yake hapa, akamkuta nacho shingoni. Akamuuliza ni nini. Baba mtu akamwambia ni medali ya mfanyakazi bora.” Wifi alikigeuza kibao, akatazama upande usio na maandishi. “Mtoto akafurahi, akaomba akivae. Wewe ulikuwepo. Uliendelea kuchapa.”

“Sasa hiyo inahusiana nini na wewe kufukuzwa? Mama atasema nini?”

“Ehe,” wifi alisema, na kwa mara ya kwanza alicheka, kicheko kifupi cha puani. “Nilikuwa nasubiri uifikie hiyo. Mama atasema nini. Kumbe si mimi unayeniokoa.”

“Wifi, usinivunjie heshima.”

“Sijakuvunjia. Umenileta kazini, nashukuru, na nitakushukuru hata nikiwa kaburini. Lakini makosa ya Tai nimeyaona wiki zote hizi, hata sikuyahesabu. Na yako ya leo. Sikamati mtu. Nyinyi mnaocheza, chezeni.”

Akatoka stoo, akarudi kwenye printa.

Kamusi alifungua mlango wake saa ya kufunga, akapiga makofi mawili. Dereva wa lori alikuwa ameketi benchini, bahasha mkononi, anasubiri risiti.

“Ijumaa!” Kamusi alisema. “Nani anacho?” Alimtazama kila mmoja kwa zamu, ingawa kibao alikiona tangu mlangoni. “Wewe tena? Umemkamata mtu?”

“Hapana, bosi.”

“Basi unajua utaratibu.”

Nukta alisimama. Hakuwa amepanga. Miguu ilisimama, mwili ukaifuata.

“Bosi, mimi nimekosea leo.” Akamnyooshea ile nakala ya lori.

Kamusi alivaa miwani, akasoma, nyusi zikapanda. “Wewe? Hili?” Akasoma tena. “Nani amelikamata?”

Printa ilikohoa.

“Wewe huwezi kuandika hivi,” Kamusi alisema taratibu. “Umefanya makusudi.”

“Ndiyo.”

“Kosa la makusudi si kosa, mama. Ni dharau.”

“Ndiyo, bosi.”

“Unanidharau mimi?”

Nukta alifikiri, maana alikuwa mtu wa kujibu kwa usahihi. “Mimi nawadharau watu wengi, bosi,” alisema. “Nimeanza na wateja, nikaja kwa wenzangu. Wewe nilikuruka tu.”

Tai alipaliwa na mate. Dereva alicheka wazi, akapiga paja lake kwa bahasha. Shingo ya Kamusi ilivimba ndani ya kola. Alikuwa mtu wa kupima. Barua ngapi zingetoka kwenye ofisi hii Jumatatu bila Nukta? Kisha uso wake ukalainika, kwa kuwa alikuwa ameona kitu kizuri zaidi.

“Sawa,” alisema. “Huyu abaki na kazi yake. Na kibao utakivaa wewe. Mwezi mzima, bila kukivua hata ukikamata. Ili watu waone kwamba hapa hata nukta inafutwa.”

Ulikuwa mzaha mbaya na Tai aliucheka.

Nukta alimsogelea wifi yake, akainamisha kichwa. Alijua kila jicho lililokuwa juu ya kisogo chake. Basi, alijiambia, yameisha. Nitamrudisha mzima. Akasubiri kamba.

“Sikivui,” alisema wifi.

“Unasemaje?” Kamusi aliuliza.

“Sikivui, bosi. Sheria yako inasema kinavuliwa ukikamata mtu. Sijakamata mtu. Ni changu.”

“Mimi ndiye mwenye sheria!”

“Basi ifuate.” Alichukua mkoba wake kutoka nyuma ya kaunta, akautia begani kwa uangalifu ili usishike kamba. Akamuaga Tai kwa jina lake halisi, ambalo hakuna aliyelitumia pale kwa miaka, na Tai akashtuka kama aliyeitwa na marehemu mama yake. “Shemeji dereva, safari njema.”

“Kibao cha ofisi hicho!” Kamusi alipiga kelele. “Rudisha mali ya ofisi!”

Wifi alikuwa ameshatoka.

Nukta alimkuta mbele ya duka la simu. Wifi alitembea mwendo wake wa siku zote, wala si wa haraka, na kibao kikimpigapiga kifuani. Watu walisoma. Barabara ya saa ile ina watu wengi wasio na la kufanya zaidi ya kusoma.

“Dada!” kinyozi mmoja alimwita kutoka mlangoni. “Tofauti ya nini?”

“Hata mimi nawauliza.”

Kicheko kikapita upande mmoja wa barabara hadi mwingine. Nukta alikuwa nyuma yake hatua chache, mwendo wa mtu anayetembea na jirani aliyelewa: si pamoja, si mbali. Aliposikia mtu akisema “huyo wa nyuma naye anajua?” akaongeza mwendo, akawa sambamba.

“Kivue basi. Tunakaribia nyumbani.”

“Najua tunapokaribia.”

“Kazi ulikuwa umeshaipata tena, wifi. Ilikuwa mkononi! Nimejidhalilisha mbele ya wanaume wale kwa ajili yako.”

“Ulitaka wanione ninamfunga kamba mke wa kaka yangu,” wifi alisema, “halafu Jumatatu nikae nimtazame mwezi mzima. Hiyo unaiita kazi?”

Mama mkwe alikuwa jikoni, mlango wazi, anamenya vitunguu kwenye sinia. Aliinua uso kwa tabasamu la kuwapokea, na tabasamu likakwama. Alijifuta mkono, akakishika kibao, akakisogeza karibu na mwanga. Kusoma alikujua kidogo, alijifunza ukubwani.

“Si-jui. To-fa-uti.” Akawatazama. “Tofauti ya nini na nini?”

“Muulize wifi,” binti yake alisema. “Mimi nimeacha kazi, mama. Nina njaa.” Akavua viatu, akaingia ndani.

Nukta alibaki amesimama. Alikuwa na majibu ya mkuu wa shule na kanuni, ya kupoteza na kulegea. Alianza mwanzo, kama mtu wa utaratibu.

“Kuna maneno ya Kiingereza, mama. Yanafanana, lakini maana zake ni mbali. Sasa mtu akiyachanganya...” Alijisikia anavyoongea. “Akiyachanganya, anavaa hicho. Mpaka amkamate mwenzake, naye avae.”

“Watu wazima?”

“Ndiyo, mama.”

“Mbele za watu?”

“Ni mchezo tu wa kazini.”

“Mchezo.” Mama mkwe alirudi kwenye sinia, akaokota kitunguu, asikimenye. “Na anayecheka ni nani?”

Nukta aliokota maganda yaliyoanguka sakafuni, akayarudisha kwenye sinia.

“Jumatatu unarudi hapo?” mama mkwe aliuliza.

Chumbani wifi alisikika akifungua kabati, akiimba kitu kwa mdomo uliofungwa. Nukta alimwaza mume wake, aliyekuwa kazini mbali hadi mwisho wa mwezi. Aliwaza kiti chake, skrini yake, na kamba nyingine ya kiatu, yenye kibao kipya, ikimsubiri.

“Narudi, mama.”

“Haya, mke wa mwanangu,” alisema mama mkwe, akageukia jiko na kumpazia sauti binti yake aje ale.